Aliyesimama kwa Jina la Cuiyun

Mtalii akipotea njia na kuingia kwenye kibanda cha tambi karibu na stendi ya mabasi, Pan Cuiyun humwita mumewe. Mume hutoa simu, huiongelesha, simu hutafsiri, na mambo yanakwisha. Cuiyun hubaki kwenye sufuria lake la supu chachu, kimya, kama mtu ambaye hajawahi kukisikia Kiingereza maishani. Wateja wanadhani hakusoma. Mumewe naye alidhani hivyo kwa muda mrefu. Kumbe katika shule ya sekondari ya wilaya yao hapakuwa na mwanafunzi aliyekipenda Kiingereza kama yeye, na waliomtoa katika mapenzi hayo ni watu aliowaamini.

Ni mtu wa milimani, mkoa wa Guizhou, China. Wazazi wake walikwenda kufanya kazi viwandani Guangdong angali mdogo, akalelewa na babu yake, mzee mfuga bata. Alipochaguliwa kuingia shule ya bweni mjini alifika na Kiingereza cha kubahatisha, maana kijijini kwao aliyefundisha Kiingereza ndiye huyo huyo aliyefundisha michezo. Aliposoma kwa sauti darasani mara ya kwanza, wenzake walicheka hadi wakalalia madawati. Mwingine angenywea. Yeye alijifunga kibwebwe.

Pale kabla ya kifungua kinywa wanafunzi hutoka nje, kila mmoja huuelekea ukuta wake na kuusomea Kiingereza kwa kelele. Anayepita kwa mara ya kwanza hudhani wamerukwa na akili. Cuiyun alijichagulia ukuta wa nyuma ya bwalo la chakula, mahali penye harufu ya maji ya vyombo, kwa kuwa hakuna aliyependa kusimama hapo.

"Malkia wa Uingereza huyo, mpisheni!" wenzake wa bwenini walimtania akitoka. "Msalimie mumeo ukuta!"

"Anawasalimu pia," naye hujibu. "Anasema afadhali yeye, hakoromi kama nyie."

Hapo ndipo Mwalimu Ouyang Min alipomkuta. Mwalimu Ouyang alikuwa mwanamke wa makamo, msafi, mwenye haraka, ambaye mumewe na mtoto wake walikuwa wakiishi makao makuu ya mkoa na yeye akihangaikia uhamisho awafuate. Alisimama, akasikiliza, akamwambia Cuiyun atoe ulimi nje kidogo. Kuna ile sauti ambayo sisi huitoa bila jasho tukisema thamani au thelathini. Kwa watu wa Guizhou ni mtihani, ulimi hauendi. Tangu siku ile mwalimu akawa anapita pale karibu kila asubuhi, akimrekebisha, akimchekea, akimpa andazi la mvuke alilofunga kwenye karatasi. Binti ambaye mama yake humwona kwenye simu tu, mpe andazi la moto na umwambie ana kipaji, uone kama hatakufuata popote.

Kisha likatangazwa somo la wageni. Hilo ni jambo kubwa kule. Wakaguzi na walimu wa shule nyingine huja, hukaa nyuma ya darasa, na mwalimu hufundisha mbele yao somo ambalo wanafunzi wamelikariri mpaka wanaliota. Mwalimu Ouyang angepita vizuri, uhamisho wake ungekuwa mkononi. Akaliandaa darasa lake kama watu wanavyoandaa harusi. Aliwafundisha ile mbinu inayojulikana na kila mtu isipokuwa, eti, wakaguzi: likiulizwa swali, darasa zima linanyoosha mkono. Unayejua, nyoosha wa kulia. Usiyejua, nyoosha wa kushoto, usiogope, huchaguliwi.

Swali la mwisho alimpa Cuiyun. Lilihusu mtu anayempenda nyumbani kwao. Cuiyun alitunga maneno yake mwenyewe kuhusu babu: jinsi anavyowaita bata kwa kupiga ulimi, jinsi alivyomvusha mjukuu mto mgongoni ili asiloweshe viatu vya shule. Mwalimu aliposikia mara ya kwanza alitoa miwani akaifuta.

"Siku hiyo nitakuita wewe," akamwambia. "Wewe na si mwingine. Umesikia, mwanangu?"

Alimwita mwanangu. Cuiyun alimpigia babu simu jioni hiyo hiyo.

"Mbele ya wageni, Babu! Nitaongea Kiingereza mbele ya wageni, na nitakutaja!"

"Unitaje mimi? Wageni wana shida gani na mimi?" Mzee alikuwa akicheka mpaka akakohoa. "Haya, nitaje. Ila usiwaambie navuta tumbaku."

Siku yenyewe ilipofika, Cuiyun aliosha nywele kwa maji baridi na kuvaa sare aliyoilalia chini ya godoro inyooke. Mlangoni pa darasa alimkuta Mwalimu Ouyang amesimama, na kiranja anasoma majina. Wanaosomwa wanakwenda maabara. Cuiyun akasomwa.

"Mwalimu, kuna makosa hapo," alisema. "Mimi ndiye wa swali la mwisho."

Mwalimu alimshika bega, huku macho yake yakitazama ngazi ambazo wageni wangepandia. "Mkuu wa shule amesikiliza mazoezi jana. Anasema lafudhi za milimani zitatuangusha. Tumeazima wanafunzi wachache wa mkondo wa kwanza, wale wa mjini. Cuiyun, wewe ni mtoto mwelewa. Ni kwa faida ya darasa zima."

Mtoto mwelewa! Ukitaka kumdhulumu mtu bila kelele, msifu kwanza kwamba ni mwelewa. Cuiyun alikwenda maabara.

Wakawekwa humo wote walioonekana wa kuaibisha, na ukutani kukawashwa skrini ili nao wafuatilie somo. Hapo ndipo Cuiyun alipoona kwamba dawati lake halikuwa tupu. Wakaguzi walikuwa na orodha ya darasa, na kila dawati lilikuwa na kibao cha jina. Huwezi kuleta majina mapya. Nyuma ya kibao kilichoandikwa Pan Cuiyun alikaa Yin Jiaqi, binti wa mkondo wa kwanza aliyesoma masomo ya ziada tangu chekechea, nywele zimebanwa vizuri.

Somo likaenda kama maji. Mikono ilipanda yote. Swali la mwisho likaulizwa, mwalimu akatabasamu, akaita, "Pan Cuiyun."

Kule maabara Cuiyun akasimama. Miguu tu ilisimama yenyewe, kwa mazoea ya kuitwa jina. Maabara nzima ikaangua kicheko.

"We, kaa chini!" mmoja alimwambia. "Si unaona umeshasimama kule?"

Akakaa. Kwenye skrini Jiaqi alikuwa akiwaita bata kwa kupiga ulimi. Alikuwa akivushwa mto. Kila neno lilikuwa la Cuiyun, na lilitoka laini, bila kukwaruza popote. Wageni walipiga makofi. Mgeni mmoja, mama wa kimo kifupi kutoka mkoani, akanyanyuka na kuuliza kwa Kiingereza jambo ambalo halikuwemo kwenye mazoezi: je, babu bado anafuga bata?

Jiaqi alipigwa na butwaa. Angejuaje? Hakumjua mzee huyo wala bata wake. Alimtazama mwalimu, kisha akasema sentensi fupi ya kujiokoa: babu amefariki.

Yule mama mgeni akaweka mkono kifuani. Na Mwalimu Ouyang, ambaye mwaka uliotangulia alikula mayai ya bata yaliyoletwa na mzee yule kwa mikono yake, akamwendea Jiaqi, akamkumbatia, akasema mbele ya watu wote, "Pole sana, Cuiyun."

Maabara hawakucheka tena. Watu wa kule hawamtamkii kifo aliye hai, ni kukiita kimjie. Kuchukuliwa kiti angeweza kukumeza, labda na maneno pia. Ila mwalimu alikuwa amesimama pale na mdomo wake, angeweza kusema chochote, akachagua kumzika babu.

Alitoka kabla kengele haijalia, akashuka mpaka getini, hajui anakwenda wapi. Na pale getini, kwenye kibanda cha mlinzi, babu alikuwa amekaa na kapu la mayai miguuni, amevaa koti lake la sherehe.

"Nimeteremka na basi la kwanza," mzee alisema, anang'aa uso. "Mlinzi hakuniruhusu kuingia. Vipi, umeongea?"

Kabla Cuiyun hajajibu, wageni walifika getini wakisindikizwa na Mwalimu Ouyang. Mwalimu alimwona mzee, akamjua, rangi ikamtoka. Yule mama mgeni alivutiwa na kapu, akainama kumsalimia mzee, kisha akamgeukia binti na kumuuliza kwa Kiingereza, kwa upole wa kweli, "Na wewe binti, unaitwa nani?"

"Huyu ni Jiaqi," mwalimu aliwahi, mbio mbio. "Ana haya kidogo."

"Mwache aseme mwenyewe," mgeni alisema.

Babu hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa kwamba sasa mjukuu wake ataongea Kiingereza, na akanyoosha koti. Cuiyun alimtazama mwalimu. Macho ya mwalimu yalikuwa yakimwomba, kama yalivyokuwa yakimtazama asubuhi zile za ukutani, kwa upendo ule ule. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hayakubadilika.

Kama angesema jina lake, mzee huyu mwenye kapu angekuwa maiti mbele ya wageni, na ingebidi mtu amweleze ni kwa nini.

Akatoa ulimi nje kidogo, kama alivyofundishwa. Kwa Kiingereza kisicho na doa alisema kwamba anaitwa Yin Jiaqi, kwamba huyu ni babu yake, na kwamba babu yake yu hai na ana afya njema.

Mgeni alimsifu sana, akaingia garini. Mwalimu Ouyang alilifuata gari la wageni.

Babu alikuwa akipiga makofi peke yake. "Kumbe ni kweli! Kumbe unajua!" Kisha akakunja uso kidogo. "Ila nilikuwa natega sikio nisikie jina lako humo ndani. Sijalisikia."

"Kwa Kiingereza linatamkwa vingine, Babu," Cuiyun alisema.

"Aa," mzee alisema, akaridhika. "Basi mpelekee mwalimu wako mayai yake."