Kufuli Mkononi mwa Aliyeondoka

Florian Bagenda anaishi peke yake Mkuyuni, katika chumba chenye meza moja na kompyuta mbili. Ndiye aliyeandika programu ya kupokelea sangara katika kiwanda kimoja cha Nyakato, na nilipomtembelea ilikuwa inaganda mara mbili tatu kwa siku. Ikiganda, mizani zote nne zinasimama, barafu inayeyuka, samaki wanalegea. Meneja alikuwa amempa hadi Ijumaa. Baada ya hapo wanarudi kwenye madaftari.

Hifadhidata ya programu ile, ghala linalotunza uzito wote, ina kufuli moja. Mizani inayotaka kuandika uzito hulichukua, huandika, huliachia. Nyingine husinzia kwenye foleni mpaka iamshwe. Florian aliijaribu programu nyumbani kwake siku tisa, mkono wa kushoto kwenye kompyuta moja, wa kulia kwenye nyingine. Haikuganda hata mara moja. Siku zote hizo mtu pekee aliyezungumza naye ni mama anayemuuzia chapati. Kwao Kagera wanaamini ana ofisi yenye watu.

Jumatano tukaenda Nyakato, akakaa nyuma ya Modesta, karani wa mizani ya pili.

"Leo Mhaya ametushukia!" Modesta aliwatangazia wenzake. "Mleteeni kiti, suruali isije ikapata magamba."

Skrini ikasita. Modesta akabonyeza kitufe cha Acha, akaanza upya. Ikasita tena. Acha.

"Mbona unabonyeza hivyo, dada?"

"Si imelala? Naiamsha. Wote hapa tunafanya hivyo. Kwani wewe huko kwako unafanyaje?"

"Nasubiri."

"Unamsubiri nani, na uko peke yako?"

Makarani wakacheka. Florian alikuwa ameshaona kosa lilipo. Acha hutuma ishara, na ishara huikurupusha mizani usingizini iondoke kwenye foleni. Mara chache, sekunde hiyohiyo, inakuwa imeshapewa kufuli. Inaondoka nalo, na zilizo nyuma zinamngoja ambaye hayupo. Kosa hilo halitokei kwa mtu mmoja mwenye subira. Linahitaji watu wanne wenye haraka.

Akiwa kwenye kona ya meza ya Modesta, aliongeza mistari sita katika programu: ukikatizwa, angalia kwanza kama umepewa kufuli, kama umepewa, lirudishe, ndipo uondoke. Alhamisi na Ijumaa makarani walibonyeza Acha walivyotaka. Hakuna kilichoganda. Jioni meneja akatuma ujumbe: programu inabaki.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kwake alipompigia Modesta.

"Mizani inaendaje?"

"Inaenda vizuri tu. Kuna tatizo?"

"Hapana. Hakuna."

"Basi sawa, kaka. Nina watu hapa."

Akaiweka simu mezani, skrini chini.

"Ningekwenda kiwandani leo," aliniambia. "Lakini nikafanye nini?"