Neno Nililomfundisha Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana moja ya shirika la umma pale Gerezani. Aliingia akiwa kijana, akamwoa mama, wakatuzaa sote wanne, na muda wote huo alikuwa amesimama mbele ya mashine ileile. Tulikaa Kariakoo, vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya Kiswahili, na karakana ilikuwa karibu kiasi kwamba mama alijua wakati wa kuinjika wali kwa kusikia king'ora chao cha kutokea.

Wakati ninaousimulia, mambo yalikuwa yanageuka kwa kasi. Mtaani kwetu palimwagwa mitumba, redio za kaseti na vyombo vya plastiki vya rangi zote, watu wakasema sasa ruksa kila kitu. Mashirika nayo yakaanza kuuzwa. Jioni moja baba alirudi na barua iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati. Karakana imepata mwekezaji. Meneja mpya, mzungu, atamwita kila mfanyakazi peke yake na kuzungumza naye kwa Kiingereza, kwa sababu anataka watu atakaoweza kuwaelekeza mwenyewe. Atakaowachagua watabaki, wengine watalipwa haki zao waende.

Baba alikuwa ameishia darasa la nne. Mimi nilikuwa kidato cha pili, msichana wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na kwa Kiingereza hakuna aliyenishinda darasani. Nilikuwa nalijua hilo, na nililiringia.

"Mwanangu," aliniambia usiku ule tulipomaliza kula, "nina wiki tatu. Nifundishe."

Hakuwahi kuniomba kitu. Kuagiza aliagiza, kama baba yeyote, lakini kuomba, hapana. Kesho yake baada ya alasiri tukatandika mkeka uani, tukaanza. Alishika penseli kama ameshika patasi, akaibonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Nami nilikuwa mwalimu mkali. Nilichora mstari katikati ya ukurasa, upande huu neno la Kiingereza, upande ule neno la Kiswahili, moja kwa moja. Come, kuja. Go, kwenda. Get, kupata.

"Geti?" mama akadakia kutoka jikoni. "Geti si lile la kwenye uzio?"

"Hilo ni geti," baba akamjibu akicheka. "Hili ni get. Kupata."

Neno hilo alilipenda kuliko yote. Alisema ni neno la riziki. Alitunga nalo sentensi zake mwenyewe, anapata kazi, anapata watoto, anapata rehema za Mungu, akawa anazisema peke yake bafuni. Lakini siku moja alirudi kutoka kazini na swali.

"Hili get halina maana nyingine? Leo nimemsikia yule meneja anaongea na msaidizi wake. Kila akifungua mdomo ni get, get, na sikuona kitu chochote alichokuwa anapokea."

Mimi sikujua. Ningesema sijui, ningeenda kumuuliza mwalimu shuleni. Badala yake nilimwambia kwa sauti ya kukereka, "Baba, ni kupata. Basi." Naye akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika.

Wiki ya usaili ikatokea jambo pale karakana. Walipokuwa wakihesabu vifaa ili kumkabidhi mwekezaji, drili moja haikuonekana. Walinzi wakaanza kuwapapasa mafundi mlangoni, asubuhi na jioni. Baba alituambia habari hiyo kwa aibu, kama kwamba ndiye aliyeiba. Hakuna mtu aliyewahi kumpapasa mifukoni tangu aanze kazi.

Siku yake ilipofika, mama alimpigia pasi shati la Idi. Aliondoka mapema, mama akimsindikiza kwa dua mpaka barazani. Alirudi kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nyumbani, shule zilikuwa zimefungwa. Alipita bila kutoa salamu, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Vipi?" mama akamuuliza.

"Ameniita mwizi."

Alitusimulia polepole. Meneja alimuuliza jina, akajibu. Akamuuliza ana watoto wangapi, akajibu, na meneja akatabasamu. Kisha akamuuliza, "When did you get here?" Baba akalikata swali lile vipande kama nilivyomfundisha. Lini. Kupata. Hapa. Ulipata lini hapa? Na kitu kilichopotea hapa kilikuwa kimoja tu.

"Nikasimama," alisema. "Nikamwambia, sijapata. Sijapata kitu hapa, Mungu ananiona. Akarudia swali lilelile, taratibu, kama anasema na mtoto. Nami nikarudia. Wakatazamana na msaidizi wake, naye mgeni vilevile. Akaandika kitu. Akanionyesha mlango."

"Hukuona mtu wa kukutafsiria?" mama akauliza.

"Wa nini? Swali nililielewa."

Baada ya siku tatu orodha ikabandikwa nje ya karakana, na jina lake halikuwemo. Niseme ukweli, waliobakizwa walikuwa wachache sana, na mafundi hodari waliojibu vizuri waliachwa pia. Pengine angeachwa hata kama angezungumza Kiingereza cha redioni. Wenzake walilia kukosa kazi. Baba hakuwa analilia kazi.

Wiki hiyohiyo mama alinituma zipu kwenye duka la nyuzi na vifungo, mitaa miwili kutoka kwetu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindu aliyewahi kufundisha shule zamani, na kila mwanafunzi wa pale mtaani alijua kwamba chini ya meza yake kuna kamusi kubwa ya Kiingereza. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza kuhusu neno get.

"Hilo?" akasema. "Basi vuta kigoda ukae."

Akaifungua kamusi, akaanza kunipitisha kwa kidole. Nilidhani ni mistari miwili. Zilikuwa kurasa nzima, ukurasa baada ya ukurasa, kwa maandishi madogo kama sisimizi. Kupata na kupokea, ndiyo. Lakini pia kuleta. Kuelewa. Kuugua na kupona. Kuamka kitandani. Kupanda basi, na kushuka. Kuoana. Kuzoeana. Kumfukuza mtu mbele yako.

"Na mtu akikuambia, when did you get here?" nikamuuliza.

"Anauliza umefika lini. Kama ni kazini, basi umeanza lini kazi hapo. Swali la kawaida tu, mama. Kwani nani kakuuliza?"

Nilisema hakuna. Nilitoka nikaisahau zipu, ikabidi nirudi.

Nilifika nyumbani nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno. Nikamkuta baba barazani na jirani, anamweleza jinsi mzungu alivyomwita mwizi, na mishipa ya shingo imemsimama. Nikajiambia, si mbele ya mgeni. Kesho yake nikajiambia, apoe kwanza. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na kila siku iliyopita iliongeza swali ambalo ningeulizwa: kwa nini hukusema jana? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliogopa kuonekana mjinga kuliko nilivyomwonea huruma baba yangu. Hiyo ndiyo sababu, na sijapata nyingine nzuri zaidi.

Alifungua kibanda cha kunoa visu na mikasi ya mafundi cherehani, na kutengeneza makufuli. Kazi haikukosekana, wafanyabiashara walikuwa wanaongezeka kila kukicha. Lakini hakupita tena njia ya karakana. Ikibidi aende upande ule alizunguka mbali. Na alianza tabia iliyomtesa mama: akimaliza kazi kwenye duka la mtu, anafungua mkoba wake wa vifaa, anaupindua sakafuni, anageuza mifuko ya suruali nje.

Niliiona kwa macho yangu siku moja, kwenye duka lilelile la nyuzi. Alikuwa ametengeneza mlango wa chuma uliokwama. Nilikwenda kumpelekea chakula nikamkuta amepiga magoti, vifaa vyote vimetawanyika chini.

"Nikague, mzee," anasema.

"Nikukague nini? Tunafahamiana miaka yote hii."

"Nikague tu, tafadhali."

Yule mzee akaangalia pembeni. Baba hakuinuka mpaka alipoguswa bega na kuambiwa, "Haya, nimeona. Hakuna kitu." Nami nilisimama mlangoni na sahani iliyofunikwa kawa, na bado sikusema.

Ikapita miaka saba. Nilimaliza shule, nikapata ukarani katika ofisi moja ya mjini. Baba akaanza kukohoa, akakonda, ikawa kulazwa na kuruhusiwa, kulazwa na kuruhusiwa, katika hospitali kubwa kule Upanga. Mara ya mwisho alipolazwa, daktari alimweleza mama kwamba tumtunze tu. Mchana huo, wakati wa kutazama wagonjwa, mama alikwenda kuchota maji. Tukabaki wawili.

"Baba," nikamwambia, "yule meneja hakukuita mwizi."

Akageuza macho.

Nikamweleza yote. Kwamba get si kupata tu, ni kufika pia. Kwamba aliulizwa ameanza lini kazi pale, swali la kawaida. Nilisema haraka, bila kumtazama, nikikunja na kukunjua ncha ya kanga yangu.

Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Wiki ileile."

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama lina maana nyingine."

"Ndiyo, baba."

Akageukia ukutani. Mama aliporudi alidhani amelala, akanionyesha ishara nisimsumbue. Nilitembea kwa miguu kutoka Upanga mpaka Kariakoo, sikumbuki nilipita mtaa gani.

Kesho yake nilikwenda na uji wa ulezi. Nilikuwa najiambia akiukataa nitaondoka, nitamwachia mama. Akafungua mdomo, nikamlisha. Siku ya tatu akaja rafiki yake wa siku nyingi, fundi mwenzake wa karakana, ambaye naye hakuwemo kwenye orodha. Baba akaomba ainuliwe akae.

"Unajua yule mzungu hakuniita mwizi?" akamwambia. "Aliniuliza nimeanza kazi lini. Mimi namwapia sijaiba!"

"We!" rafiki yake akashangaa. "Nani kakwambia?"

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Baba akanitazama, mara moja tu.

"Mtu mmoja anayejua Kiingereza," akasema.

Wakacheka, baba akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, tukamshika mgongo. Baada ya hapo kila aliyekuja kumwona alisimuliwa: shemeji zake, majirani wa Kariakoo, hata yule mzee wa duka la nyuzi aliyekuja na machungwa. Sauti ilikuwa inaisha lakini kisa kilikuwa hakipungui. Mzee wa duka alisikiliza mpaka mwisho. Nadhani alikumbuka nani alikuja kumuuliza, maana alipoaga alinishika mkono kwa muda.

Mara ya mwisho alimsimulia nesi, msichana mdogo aliyekuwa anambadilishia shuka, na ambaye hakujua habari yoyote ya karakana wala drili. "Kwa hiyo hawakusema nimeiba," baba alimnong'oneza. Nesi akamjibu, "Hapana, baba, hawakusema," akamfunika vizuri. Alifariki asubuhi ya siku iliyofuata, mama akiwa naye. Mimi nilikuwa njiani.

Mama nilimwambia baada ya arobaini kwamba mtu yule ni mimi, na kwamba nilijua tangu wiki ileile. Tulikuwa tunachambua mchele. Hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa, ndipo akasema, "Miaka saba nilikuwa namsihi asijipekue mbele za watu. Nawe ulikuwa humu ndani, unatusikia."

Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, mimi ni mwanawe. Kisha akachukua ungo wake akaenda kukaa peke yake upande wa pili wa ua.