Kunguru na Asumini

Shule niliachia darasa la nne, lakini nyumba yangu ya Mbweni ina ghorofa mbili, na hata msumari sikurithi. Nimeijenga kwa vyuma chakavu nilivyookota majaani na kuviuza.

Mwaka juzi nilipeleka posa ya mwanangu kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe, watu wa asili ya Uarabuni. Sisi wazee wetu walitoka bara. Mshenga akarudi na jibu la bibi yake msichana: "Kamwambie, asumini yetu hatumpi kunguru."

Mwanangu hakula siku ile. Mimi nilikula sahani mbili. Kunguru namjua. Mmoja alijenga kiota juu ya mnazi wangu kwa waya alizoiba kwenye mzigo wangu mwenyewe. Nilipokishusha kilinielemea mkono. Hakupewa kitu na mtu. Na asumini pia naijua, uani kwangu kote nimeipanda. Nzuri, ndiyo, lakini bila mtu wa kuimwagia maji haifiki popote.

Kesho yake alasiri nikachuma vitumba vya asumini sinia nzima, nikaenda. Baba wa kijana haendi mwenyewe, hilo nalijua. Nikaenda.

"Hodi."

"Nani?"

"Kunguru, Bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimeleta asumini. Ya kwangu hii, sikumwomba mtu."

Akatoka, akaniangalia kuanzia viatu. Nikamwambia, "Kunguru na asumini wote wametoka Bara Hindi. Mmoja mkampa nywele zenu, mwengine mkampa mawe. Kunguru kaletwa na meli, haya. Asumini ilikuja kwa miguu?"

Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajiziba mdomo. Bibi akachukua kitumba kimoja, akakigeuza.

"Umechuma mapema."

"Magharibi vitafunguka, mikononi mwako."

"Una mdomo wewe."

"Nna na nyumba."

Akaagiza sindano na uzi, akaanza kutunga, hanitazami tena. "Mshenga wako arudi Ijumaa," akasema. "Aje yeye. Wewe baki kwako."

Siku ya harusi, kikuba cha asumini alichovaa bibi harusi kifuani kilitoka uani kwangu. Na kile kiota cha waya sikukiuza. Nimekiweka sebuleni, mbele ya kochi wanalokaa wakwe zangu.