Picha Moja, Nyumba Mbili

Baba yangu hajawahi kukanyaga sebule yangu, ingawa nyumba zetu zimetenganishwa na mistari ishirini tu ya michai na kamba ya kuanikia nguo. Hatujakosana. Sisi ni Wagusii, japo mimi nilizaliwa huku Kericho, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba ambako Baba alikuwa akichuma chai. Kwetu kuna heshima iitwayo chinsoni, na hiyo humzuia mzazi kuingia ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wengi wa rika langu wameilegeza. Baba hajailegeza hata kidogo. Akija kwangu huishia kwenye veranda, na chai anainywa hapo hapo, mvua inyeshe isinyeshe.

Mama alipofariki, baba alibaki peke yake katika nyumba yake hapa nje kidogo ya Litein. Mama ndiye aliyekuwa msemaji. Baba kazi yake ilikuwa kusikiliza. Miezi ikapita hana wa kumsikiliza, nami nikaingiwa na woga. Nimewaona wazee wakififia hivyo hivyo, bila ugonjwa wowote, kwa kukosa tu kelele za watu. Mimi ni karani kwenye kiwanda cha chai huko Mogogosiek. Natoka alfajiri, narudi jioni, na nikirudi ninachotaka ni kuketi mbele ya televisheni yangu kubwa. Kwa hiyo nikawaza jambo nililoliona la busara sana: nimpelekee baba picha ya televisheni hiyo, aione kwake.

Fundi niliyemwita, Mkipsigis mcheshi kutoka Kiptere, alikuja na kisanduku kidogo cha kugawa picha. Dikoda, yaani king'amuzi, ilibaki sebuleni kwangu. Picha ikaingia kwenye kisanduku, ikatoka mara tatu: moja kwenye TV ya sebuleni, moja kwenye ile ndogo ya jikoni, na ya tatu kwa baba.

"Hii waya ya HDMI ikipita mita kumi na tano inaleta shida," fundi akanieleza. "So huko kwa mzee natumia cable ya internet, halafu naweka box ingine huko mwisho."

Kebo ile akaipitisha kwenye bomba chini ya michai ili wachumaji wasijikwae. Picha ilifika kwa baba safi kama ilivyotoka kwangu. Alimwona mchezaji mmoja wa mpira akitiririkwa na jasho, akasema, "Huyu apumzishwe."

"Lakini boss, rimoti ni moja," fundi akaniambia akikusanya vyombo vyake. "Chenye unaona hapa, mzee pia anaona."

"Hiyo si shida," nikamjibu. Kichwa kilikuwa kimenivimba kwa kazi aliyoifanya mwingine.

Kwa miezi kadhaa haikuwa shida kweli. Kisha ikaja Jumapili moja alasiri, mvua ikipiga mabati, watoto wamekwenda mazoezi ya kwaya. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatazama tamthilia yake. Mwanamume na mwanamke wakaanza kubusiana. Sikushtuka, nilikuwa nyumbani kwangu, na mke wangu. Wakaanza kufunguana vifungo. Ndipo mke wangu akapiga kelele.

"Baba watoto! Mzee anaona!"

Nikairukia rimoti. Betri zilikuwa zimechoka. Nikaigonga kwenye goti, nikaigonga kwenye meza, nikaielekeza huku na huku, na wale wawili hawakuwa na haraka yoyote. Mwishowe nikachomoa plagi ya dikoda ukutani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwetu baba na mwana hawatazami mambo ya namna ile pamoja, na kuta zilizokuwa katikati yetu hazikunisaidia kitu, maana kila mmoja alijua mwenzake ameona.

Jioni nilimpelekea chakula. TV yake ilikuwa imefunikwa kitambaa alichofuma mama.

"Macho yananiuma," akasema, akiangalia mlango.

"Basi yapumzishe, Baba."

Tukajitia hamnazo wiki mbili nzima, na kitambaa hakikuondolewa. Tusingeweza kulizungumzia, kwa sababu kuitaja aibu ile ni aibu nyingine. Nikaona dawa ni moja: nikamnunulia dikoda yake, yenye rimoti yake mwenyewe. Fundi akaja akachomoa kebo. Baba akashukuru, nami nikajua nimemaliza.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye veranda. Nikamtolea chai, akainywa nusu.

"Jana mlitazama nini?" akaniuliza.

"Mpira kidogo. Halafu watoto wakaweka vitu vyao."

"Sikujua," akasema. "Zamani picha ikianza kurukaruka, nilijua watoto wametoka shule wananyang'anyana rimoti. Ikienda kwa mapishi, nilijua mama yao ameshinda. Ikizimika, nilijua mmelala, na mimi nalala. Hii uliyoniletea ni nzuri. Lakini nikiizima, hakuna mtu aliyelala."

Muda wote ule nilidhani nampelekea mpira na habari, kumbe alikuwa anatutazama sisi. Na mimi, kila nilipompelekea chakula, niliweka sahani mezani nikarudi mbio kwangu ili kipindi kisinipite, kipindi kilichokuwa kikionyeshwa pale pale kwake. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya Jumapili.

Fundi aliirudisha kebo siku hiyo hiyo, akicheka, wala hakuuliza kitu. Jioni nikabeba sahani mbili, yake na yangu, nikaketi kwake. Rimoti nikamwachia mke wangu. Picha ikaanza kurukaruka.

"Wameanza," baba akasema, akacheka.

Baadaye ikatulia kwenye tamthilia, na mwanamume mmoja akamsogelea mwanamke kuliko inavyofaa. Baba akatazama paa. Mimi nikautazama ugali wangu kana kwamba sijawahi kuona ugali. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani, mpaka picha ikakatika ghafla ikaenda kwenye habari.

"Leo mama watoto amechelewa kidogo," baba akasema, akanisogezea mboga.