Mikono Iliyofunga Pampu ya Upepo

Boti yetu ilianza kutoa moshi mweusi msimu wa kahawa, wakati ambao hakuna mtu Gisenyi mwenye subira na makanika. Magunia yalikuwa yamepangwa gatini, wenye magunia wamekaa juu yake, na kila mmoja alikuwa na dawa yake ya injini. Mmoja alisema dizeli imetiwa maji. Mwingine, muuza vitambaa ambaye hajawahi kushika spana maishani, alisema naiendesha kwa hasira. Hilo la hasira lilikuwa kweli, lakini halikuwa ugonjwa wa injini.

Injini ile ilikuwa ya aina isiyoweza kuvuta pumzi yenyewe. Ubavuni ilikuwa na sanduku la chuma tuliloliita pampu ya upepo. Ndani yake zilizunguka rota mbili nene, zimesokotwa, zikikaribiana sana bila kugusana, zikisukuma hewa kwenye silinda. Pampu ikichoka, dizeli haiungui yote, moshi unakuwa mweusi na boti inatambaa. Nilitoa chujio la hewa nikamulika ndani kwa tochi. Kwenye rota palikuwa na mstari unaong'aa, mahali zilipoanza kusuguana, na oili ilikuwa imepenya pembeni. Beringi zimekwisha, nikasema, na sili za kuzuia oili pia.

Ili nihakikishe, nikachukua kipimo cha majani. Ni vipande vya chuma vyembamba kama karatasi, unavichomeka kati ya rota na rota. Jani likipita ovyo, nafasi ni kubwa kuliko jani. Likikwaruza kidogo, umepata. Huko kukwaruza hakuonekani kwa macho, kunasikika kwenye ncha za vidole tu.

Nilichomeka jani kwa mkono wa kulia, sikusikia kitu. Nikachukua nene zaidi, sikusikia kitu. Niliendelea hivyo mpaka moja likagoma kuingia, na hata kugoma kwake nilikuona kwa macho, maana lilipinda. Nikamfokea mwenzangu kwamba ameacha kipimo kikaingia kutu. Mwenzangu alikuwa makanika wa pili, mtu wa ziwani, Mkristo, na tangu tuanze kazi pamoja hatukuwahi kumaliza siku bila kutaniana.

"Kipimo iko muzuri," alisema. "We ndiye uko na kichwa mubaya leo."

Nilijua ni nini. Mjomba wangu, fundi cherehani mtaani kwetu kwa Waislamu, alianza hivyo hivyo. Sindano ilimpita kidole naye akaendelea kushona, mpaka mteja akapiga kelele kwa ajili ya damu kwenye kanzu yake. Daktari akasema ni ukoma. Mjomba akapelekwa kambi ya wagonjwa, mbali, na mkewe akarudi kwao. Mimi nilikuwa na baka lililofifia juu ya kiwiko, mke wangu akilipaka mafuta kila siku akidhani ni choa. Tulikuwa na binti mchanga. Kama ni ukoma, ningepelekwa huko, na hao wawili ningewaacha. Nililifikiria hilo nimesimama pale na kipimo mkononi, na kusema kweli sikuogopa. Ilikuwa kama habari ya mtu mwingine iliyoletwa mlangoni kwangu kwa makosa. Nikasema tuifungue pampu.

Kuifungua kulikuwa kazi ya spana na matusi. Beringi na sili mpya zilitakiwa kutoka Usumbura kwa lori, na wakati wa kungoja nilisafisha kilichosafishika, kisha nikakisafisha tena. Nyumbani nilikula bila njaa, nikaitikia bila kusikiliza. Pini zilikuwepo, za kufungia nepi za mtoto. Sikujichoma kwa hata moja, kwa sababu ningejichoma ningekuwa nimejua kabisa.

Vifaa vilipofika tulivalisha beringi na sili, zikabaki gia mbili za kuzungusha rota ziende pamoja. Gia ya namna ile unaichemsha kwenye oili itanuke, kisha unaivalisha kwenye shafti upesi kabla haijapoa. Tukaweka karai la oili juu ya mkaa pale pale gatini. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilichomoka kwenye koleo ikaanguka kwenye mbao. Niliona inapoa, nikaiokota kwa mkono wa kushoto, nikaivalisha, nikaigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ikakaa. Wenye magunia wakapiga makofi. Mzungu mwenye boti akasema, "Bravo!"

Mwenzangu hakupiga makofi. Alinisogelea akasema chini chini, "Weye, mukono yako inaungua."

"Mi sisikie kitu."

"Mi nasikia arufu, yewe!"

Na kweli palinukia nyama. Mpaka hapo nilikuwa nikijidanganya kwamba ni mkono wa kulia tu, labda mshipa umebanwa. Mwenzangu aliuingiza ule wa kushoto kwenye maji ya ziwa, akaufunga kwa kitambaa chake mwenyewe. Kisha akaenda kunawa kwa sabuni, akanawa sana. Nilimwona. Nilitaka kukasirika, na hasira, ambayo haijawahi kunitupa, haikuja.

Ilibaki kupima nafasi ya rota. Nilimpa mwenzangu kipimo, naye akakipokea. Yeye alichomeka majani, mimi nikazungusha rota na kupachika vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi nyuma ya gia.

"Inapita ovyo," alisema. Nikaongeza kibati. "Inakamata sana." Nikapunguza. "Sasa inakamata kidogo. Bon. Acha hapo."

Waliotazama walidhani nimekuwa bosi, nimeacha kujichafua vidole. Tulipoiwasha, injini ilivuma kama zamani, na moshi ukawa mwepesi. Magunia yakapakiwa kwa makelele. Mwenye boti akaninyooshea mkono. Nikamwonyesha wangu ulivyojaa oili, akacheka, akaurudisha wake mfukoni.

Nilifika nyumbani mke wangu akitayarisha maji ya kumwogesha mtoto. Aliona kitambaa, nikamwambia nimeungua kazini, akasema pole. Makanika kuungua si habari. Akanipakatisha binti kwenye mkono wa kushoto.

"Baba, pima maji ya mutoto," alisema, akaingia ndani kutafuta sabuni. "Ikiwa sawa, umuweke."

Nikatia mkono wa kulia kwenye beseni. Maji hayakuwa ya moto wala ya baridi. Mtoto alirusha miguu, aliyapenda sana maji. Nilikuwa nimeanza kumshusha, na hapo hofu yote niliyoikosa gatini ikanijia kwa mara moja. Nikamrudisha kifuani.

"Njoo upime weye," niliita.

"Kwani we hauna mukono?" Alikuja anacheka, akatia wake, akautoa upesi akiupuliza. Kisha akanitazama. Wangu ulikuwa bado ndani ya maji.

Aliutoa yeye, akaufuta kwa kanga yake taratibu. Akanifinya kidole kwa kucha, kwa nguvu, macho yake yako usoni kwangu. Nilijua anangoja nini. Nikasema, "Ai!" Lakini nilikuwa nimechelewa.