Fundi Shaibu na Kigari Kilichokosa Pigo

Shaibu bin Mbaruku hakuzaliwa na spana mkononi. Alizaliwa Narung'ombe kwenye mihogo, akaoa huko huko, na hata alipokuwa baba wa mtoto hakuwa ameshika chuma kingine ila jembe na shoka. Ikaja miaka ya karanga, lile shamba kubwa la Waingereza baada ya vita. Wazungu wakafyeka pori la Nachingwea kwa matingatinga, mawili mawili, katikati yao mnyororo mnene wa meli, na yalipopita miti ililala yote upande mmoja. Shaibu akaandikwa kazi ya kubeba madebe ya mafuta. Mwaka haukwisha, akawa anafungua injini na kuzifunga mwenyewe, bila kusoma karatasi hata moja. Kichwa alikuwa nacho, na anayebisha na abishe.

Miaka minne alikaa ndani ya ule mngurumo. Karanga hazikuzaa kama wenyewe walivyotaka, Wazungu wakapungua, matingatinga mengine yakaachwa yaote majani. Kuna walioondoka na mabati, kuna walioondoka na baiskeli. Shaibu aliondoka na ufundi, na masikio yaliyokufa.

Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, mkewe Mwamini, na wala hakuambiwa. Siku moja aliangusha sufuria na mfuniko wake nyuma ya mumewe. Jirani aliuliza kumetokea nini. Shaibu hakugeuka. Basi Mwamini akawa akitaka kusema naye anakwenda kusimama mbele yake, na Shaibu akawa anatazama midomo. Hawakulizungumza hata mara moja.

Kazi akaipata Nachingwea mjini, kwenye karakana ya Bwana Velji, karibu na stesheni ya reli. Malori hayakumshinda, maana lori likiumwa hutikisika lote. Alikuwa na bisibisi ndefu, ncha anaiweka juu ya injini, mpini anauma kwa meno, anafumba macho, mapigo yanapanda kwa mfupa mpaka kichwani. Watu walicheka wakasema Shaibu anakula magari. Aliwaacha wacheke. Afadhali kucheka hivyo kuliko wajue.

Ndipo Tadeo akaleta kigari chake. Huyu Tadeo alikuwa karani wa ghala zamani za karanga, Mmakua wa misheni, mtu wa maneno mengi. Vitu vya karanga vilipouzwa alinunua kigari kidogo cheusi cha petroli, na sasa anakitumia kuzunguka kununua ufuta, Nachingwea mpaka Ruangwa.

"Mtani," akasema, "hiki kitoto changu kina kwikwi. Hapa mjini kimetulia kama padre. Kikianza tu kupanda, kwi! Kinatulia. Halafu tena, kwi! Kimelishwa nini, mihogo yenu michungu?"

Shaibu alimtazama mdomo. "Kinafanya hivyo siku zote?"

"Kingefanya siku zote ningekizoea, kama nilivyokuzoea wewe."

Shaibu Mmwera, Tadeo Mmakua, ni watani, na mtani hakasirikiwi. Hata kwenye msiba wako atakuja akucheke, nawe utampa chakula.

Shaibu akafungua plagi zote nne, akazisugua, akazirudisha. Akakiendesha uani, kikaenda sawa. Siku ya tatu Tadeo akarudi nacho. Shaibu akafungua kabureta, akapuliza tundu zake, akachuja petroli kwa kitambaa. Kikaenda sawa. Kikarudi. Akauma bisibisi mpaka meno yakamuuma, lakini pigo moja linalokosa mara moja moja, katika injini ndogo kama ile, mfupa hauwezi kulikamata.

Bwana Velji hakuwa mtu wa kelele. Alimwita, akamwambia taratibu, "Shaibu, gari hii imeletwa mara tatu. Watu wanasema karakana yangu haijui kazi. Ikirudi mara ya nne, wewe utaweka spana chini."

Shaibu aliyasoma maneno yote.

Siku ile Mwamini alikuwa analeta chakula karakana, akakisikia kigari kikipanda kutoka stesheni. Magari hakuyajua, lakini amekulia kwenye vinu. Wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja, mmoja akichelewesha mchi, hata kipofu aliyekaa uani atajua kuna mvivu. Walipofika nyumbani jioni akaenda mbele ya mumewe.

"Baba Sabaha. Ndani ya kile kigari wako wanne wanatwanga. Mmoja anakosa."

"Nani kakuuliza?"

"Sijaulizwa. Nasema."

Shaibu akala ugali wake mpaka akaumaliza. Akanawa. Kisha akasema huku anatazama chini, "Anakosa lini?"

"Kikipanda. Kwenye tambarare wote wanatwanga vizuri."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema lile jambo, na hata hapo hawakulitaja kwa jina. Walipatana hivi. Shaibu atamwambia Tadeo waende wote Ruangwa, kigari kipimwe njiani. Mwamini atakaa nyuma, kwa kisingizio cha kumwona dada yake Zena. Pigo likikosa, atambana mumewe bega.

Wakaenda. Tadeo kwenye usukani, hafungi mdomo, na Shaibu anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, hata pasipo na swali. Tambarare yote Mwamini hakubana. Walipoanza mwinuko wa kwanza mkubwa akabana. Akabana tena. Shaibu akainua mkono.

"Simama hapa. Usizime."

Akafungua boneti. Sasa tuseme kweli, masikio hayakuwepo lakini akili ilikuwepo. Alijiuliza injini ikipanda inafanya nini ambacho uani haifanyi. Inavuta. Ikivuta inainama upande mmoja, inalala ubavu. Akamwambia Tadeo akanyage breki kwa nguvu, atie gea, aachie klachi kidogo tu, injini ivute na gari lisitoke. Tadeo akafanya. Injini ikalala ubavu pale pale, wanaiona.

Mwamini alisimama nyuma ya mumewe, mkono begani, na akasikia vizuri kabisa. Ta. Ta-ta. Ta. Kama mjusi wa ukutani. Ilikuwa kwenye waya wa tatu wa plagi, pale unapopita juu ya kibanio cha chuma. Ngozi ya waya imelika upande wa chini, na kila injini ikilala moto unarukia kwenye chuma badala ya kwenda kwenye plagi. Gizani ungeiona cheche yake. Lakini jua lilikuwa la saa sita, halionyeshi kitu.

Akabana bega. Shaibu akashika waya wa kwanza. Akabana kwa nguvu zaidi. Shaibu akashika wa pili, akautazama, akauacha, akahamia kwenye kabureta. Mwamini akabana mpaka kucha zikaingia. Shaibu akainamia kabureta kabisa.

Mwamini hakuwa mwanamke wa kungoja, hajawahi kuwa. Joto lilikuwa kali, jibu liko mbele ya pua, na mumewe analipita. Akapaza sauti.

"Huo hapo! Waya wa tatu! Unalia ta-ta-ta mtu wa Masasi anausikia, wewe huusikii?"

Shaibu hakugeuka. Aliendelea na kabureta. Mpaka Mwamini akamzunguka, akaunyooshea waya kidole.

Tadeo alikuwa ametoa kichwa dirishani. Akamtazama Mwamini, akamtazama mtani wake. Halafu akacheka.

"Loo, mtani! Kumbe miaka yote nakutukana bure!"

Shaibu akakata mpira kuukuu wa baiskeli aliokuja nao, akauzungushia ule waya mara nne, akaufunga kwa uzi, akausogeza mbali na chuma. Kigari kikapanda mwinuko bila kukosa. Ruangwa wakafika, wakarudi, hakikukosa hata mara moja. Kazi ilikuwa safi. Hakuna fundi angeifanya vizuri zaidi.

Walipoingia karakana Tadeo akashuka anapiga makofi. "Bwana Velji! Kimepona! Una fundi wa ajabu wewe, yeye ana mikono, masikio yake yako kwa mkewe! Siku ukimwita umwite mama!"

Mafundi wakaangua kicheko. Ulikuwa utani, na Tadeo hakuwa na ubaya moyoni. Lakini Bwana Velji mambo ya watani hakuyajua. Akamwangalia Shaibu, akaenda nyuma yake, akaita jina lake. Akaita tena. Kicheko kikakatika.

Akarudi mbele. "Shaibu, ukiwa chini ya lori na mtu akakupigia kelele utoke, utasikia?"

Shaibu hakudanganya, akatikisa kichwa. Akafuta spana zake moja moja, akazipanga juu ya meza, akatoka. Tadeo akamkimbilia, anasema, "Mtani, mimi nilikuwa nacheza, wallahi nilikuwa nacheza." Mkristo mzima anaapa wallahi. Shaibu akampa mkono, maana mtani hakasirikiwi.

Mke akakasirikiwa. Si kwa kupigwa wala kutukanwa. Shaibu alisema neno moja tu walipofika nyumbani. "Kubana kulikushinda?" Na Mwamini akajibu, "Nilibana. Hukuelewa." Ilikuwa kweli, na hakuna aliyepumzika kwa ukweli huo.

Wakarudi Narung'ombe kulima. Mwaka wa kwanza nguruwe mwitu wakala muhogo wote wa bondeni Shaibu akiwa amelala kwenye dungu la kulindia shamba. Mwaka wa pili akalinda Mwamini, Shaibu akabaki nyumbani kukoboa mahindi. Shaibu alikufa kabla ya mwaka wa 1960, kwa homa. Kigari kilikuwa bado kinakwenda na ule mpira wake. Tadeo alikuja nacho mazishini, akafanya utani kama inavyompasa, akajilaza kaburini akadai alipwe ndipo atoke, watu wakacheka. Mwamini akampa kuku wa mtani. Hakucheka, wala hakukitazama kigari kilipoondoka.