Seva Iliyokumbuka Jina Lake

Tangu utotoni aliuliza maswali hadi shangazi yake akambandika jina la Kwanini, nalo likamganda. Ukubwani akawa fundi kwenye karakana inayonunua seva zilizochoka maofisini. Kazi yake ni kuzisahaulisha kabla hazijauzwa tena, isibaki ndani siri ya mtu.

Meza ya pili alikaa dada wa mumewe, mfuta vumbi na mfunga mizigo. Wenzao walitania kwamba karakana hiyo ndiyo pekee yenye wifi anayeomba chai.

Asubuhi moja ikaletwa seva ya kituo cha redio kilichofungwa. Mwenyewe, mtangazaji mstaafu, alikuwa amezing'oa diski zote.

"Kichwa kitupu hicho," alisema, akaenda zake.

Kwanini akaiwasha kuipima. Kioo kikaandika: STUDIO KUBWA.

"Mbona inajijua jina?" wifi yake akauliza.

Kwanini akamwonyesha memori zilizosimama kwa safu kama biskuti kwenye pakiti. "Hizi zinashika jambo umeme ukiwepo tu. Ukikatika, zimesahau. Diski ndizo zinazokumbuka hata zikizimwa."

"Na diski hamna. Sasa jina kaambiwa na nani?"

"Kuna chipu kwenye bodi inayotunza mipangilio ya kuamkia. Jina limekaa humo."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, nadhani."

Hilo "nadhani" likamkera Kwanini mwenyewe. Akachomoa waya, akatoa feni, akapekua kadi moja moja. Chini ya kebo nene akakuta kijishimo, na ndani yake kadi ya kuhifadhia faili, ndogo kama ukucha wa kidole gumba.

Angeweza kuifuta yakaisha. Lakini hamu ya kujua ilimwasha, na kuchungulia mali ya mtu bila ruhusa si adabu. Akampigia simu mwenye seva.

Mzee alifika akihema. "Haiwezekani, mwanangu. Nilitoa zote."

Wakaichomeka kadi kwenye kompyuta. Ilikuwa na faili moja la sauti. Mwanamume alijaribu kusema "Habari za asubuhi, wasikilizaji," ulimi ukateleza, akarudia, ukateleza tena. Nyuma yake mwanamke alicheka mpaka akakohoa.

Mzee akajikalia juu ya boksi. "Huyo anayebabaika ni mimi, siku yangu ya kwanza hewani. Anayecheka ni fundi mitambo wetu, Mungu amrehemu. Nilimwamuru aifute. Akaniapia kaifuta!"

"Kumbe alikuchezea," wifi akasema.

"Miaka yote hiyo!" Akacheka na kufuta macho kwa pamoja.

"Basi niifute, mzee?"

"Thubutu!" Akaitia kadi mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Alipoondoka, Kwanini akafuta chipu ya bodi, akaiwasha seva. Safari hii kioo hakikuandika jina lolote. Akageuka kumwonyesha wifi yake, akamkuta kashainamia mashine nyingine, bisibisi mkononi.

"Wifi, hii nayo inaficha wapi?"